Kuingia Chuo Uchumi Unapodorora

Vijana wanaomaliza kidato cha nne na cha sita nchini Tanzania, pamoja na wazazi wanaowasomesha, wamekuwa wakirudia swali moja: je, kuna haja ya kuhangaika kutafuta ada ya chuo wakati waliotangulia kuhitimu wako nyumbani hawana kazi? Swali hilo ni la haki, lakini linavyoulizwa halijibiki, kwa kuwa hakuna anayesoma chuo kwa jumla. Kila mtu husoma kozi fulani, mahali fulani, kwa ada fulani na kwa miaka kadhaa inayojulikana. Swali linalojibika, na ambalo makala haya yanalishughulikia, ni la namna nyingine: fedha za mwaka wa mwisho zitatoka wapi, na deni litakuwa limefika kiasi gani siku mhitimu atakapopokea mshahara wake wa kwanza? Anayeweza kulijibu kwa tarakimu, hata za makadirio, anaweza kuingia chuo hata hali ikiwa mbaya, na asiyeweza kulijibu afadhali aanze na njia fupi, hata kama ufaulu wake ni wa kujivunia.

## Mdororo humgusa vipi mwanafunzi

Mdororo wa uchumi, kwa maana inayotumiwa sana na wachumi, ni kipindi ambacho uzalishaji wa nchi unapungua kwa robo mbili za mwaka zinazofuatana. Mwaka 2020 uchumi wa Kenya ulisinyaa kwa asilimia 0.3, ilhali wa Tanzania haukusinyaa, bali kasi yake ya kukua ilishuka kutoka takriban asilimia 7 mwaka uliotangulia hadi chini ya asilimia 5. Kwa mtafuta kazi tofauti hiyo haikuwa na uzito mkubwa. Watalii walioingia Tanzania walipungua kutoka takriban milioni 1.5 mwaka 2019 hadi laki sita na ushee mwaka 2020, na mwanafunzi wa hoteli aliyetarajia kufanya mafunzo kwa vitendo Zanzibar au Arusha alikuta milango imefungwa, Pato la Taifa likiwa limekua au halikukua.

Hali ngumu humfikia kijana kwa njia mbili zisizofanana. Ya kwanza ni mfuko wa nyumbani: biashara ya mama imepungua wateja, baba amepunguzwa kazini, mavuno hayakupata bei. Ya pili ni soko la ajira, ambako waajiri, kabla ya kumwachisha mtu yeyote kazi, huacha kwanza kuajiri wapya, kwa hiyo anayeumia mapema ni mhitimu na si mfanyakazi wa miaka kumi. Wengi huzichanganya njia hizi mbili wanapofanya uamuzi. Anayeingia chuo mwaka huu atahitimu baada ya miaka mitatu, minne au mitano, na soko atakalolikuta si hili la leo. Ada, kwa upande wake, inadaiwa Oktoba. Uhaba wa ajira wa leo, kwa sababu hiyo, ni hoja dhaifu ya kukataa chuo, na upungufu wa fedha wa leo ni hoja nzito ya kuchagua chuo na kozi kwa uangalifu.

## Hesabu ya kwanza: gharama hadi cheti kiwe mkononi

Kosa linaloonekana zaidi kuliko mengine yote ni la familia kukusanya ada ya mwaka wa kwanza, kumfungasha kijana, na kuyaachia majaliwa yaliyobaki. Mwanafunzi anayeacha masomo mwaka wa tatu kwa kukosa ada ametumia karibu fedha zote za shahada na hana shahada, na katika soko la ajira lililobana hakuna anayeulizia miaka miwili na nusu ya chuo. Kabla ya kuthibitisha nafasi ya udahili, yaani kuiarifu rasmi Tume ya Vyuo Vikuu kuwa mwombaji amechagua chuo kimoja kati ya vilivyomchagua, inafaa yaandikwe kwenye karatasi moja mambo yafuatayo:

- Ada ya miaka yote. Vyuo vikuu vya umma kwa kozi nyingi hutoza kiasi kinachozunguka kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka, na udaktari katika chuo binafsi huweza kuzidi mara tatu ya hapo.
- Michango isiyo ada: usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, fedha ya tahadhari, bima ya afya. Kila mmoja huonekana mdogo, lakini yote hudaiwa wiki ya kwanza, na asiyelipa hasajiliwi.
- Chakula na malazi, ikiwemo miezi ya likizo kwa asiyeweza kurudi nyumbani.
- Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi huyaita fildi, na ambayo mara nyingi humpeleka mwanafunzi katika mji mwingine, akipanga chumba cha pili huku cha kwanza kikiendelea kudaiwa.
- Kompyuta mpakato, bando la intaneti, kuchapa na kudurufu.
- Akiba ya muhula mmoja wa ziada, kwa sababu mitihani ya marudio, yaani saplimentari, huwakuta hata walio makini.

Kozi kadhaa zina gharama zinazoendelea baada ya joho kuvuliwa, na hizi ndizo zinazosahaulika. Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili; ni lazima apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, yenye ada yake. Mhitimu wa udaktari hufanya mwaka mzima wa utarajali, yaani kazi ya hospitali chini ya usimamizi, kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Mhasibu hupandishwa thamani na mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ambayo ina malipo ya usajili na ya kila somo, na mwenye shahada ya ununuzi na ugavi hatakiwi kushika kazi hiyo bila usajili wa bodi yake. Wahandisi wana nafuu kidogo, kwa kuwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi imekuwa na mpango wa mafunzo kazini kwa wahitimu tangu mwaka 2003, lakini nao hugombewa. Kozi ambayo cheti chake hakifanyi kazi bila cheti cha pili inapaswa kuhesabiwa na vyeti vyote viwili.

Ikiwa jumla inatisha, haina maana kwamba kijana asisome. Maana yake ni kwamba familia ijue mapema pengo liko mwaka gani, ili ng'ombe, kiwanja au mchango wa ukoo usitumike wote mwaka ambao fedha ilikuwepo.

## Bodi ya Mikopo: yanayowaangusha waombaji

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, na Zanzibar ina bodi yake. Mkopo hautolewi kwa ufaulu pekee. Unaangalia uhitaji wa mwombaji na kozi aliyochaguliwa, na aliyepata anaweza kupangiwa sehemu tu ya ada. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 baadhi ya wanafunzi wa stashahada, yaani ngazi iliyo chini ya shahada, nao waliingizwa katika mpango huo, jambo ambalo wazazi wengi wa vijijini bado hawana habari nalo.

Wapo wanaonyimwa kwa sababu bajeti haikutosha, na hao hawana la kujilaumu. Wengine, na si wachache, hujinyima wenyewe kwa makosa ya karatasi:

- Jina la cheti cha kuzaliwa kutofautiana na la cheti cha kidato cha nne, hata kwa herufi moja.
- Cheti cha kuzaliwa, au cheti cha kifo cha mzazi, kutohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao wananchi huufahamu kwa jina la RITA. Uhakiki huchukua muda, na anayeuanza wiki ya mwisho ya dirisha la maombi hulia na mtandao.
- Fomu kukosa saini na mhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, au wa kamishna wa viapo.
- Mdhamini kuwekwa bila kuombwa, akipigiwa simu anakana.
- Kuacha kutaja kuwa kaya inanufaika na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), kwamba mwombaji ana ulemavu, au kwamba mzazi mmoja amefariki, kwa kuona haya.
- Kumwachia mwenye duka la intaneti ajaze kila kitu, pamoja na nywila na namba ya simu yake mwenyewe, kisha ujumbe wa marekebisho unakwenda kwa mtu ambaye ameshalipwa na kusahau.

Hili la mwisho linastahili kukaziwa. Mwombaji asiye na simu janja atumie ya ndugu wa karibu, awe na namba anayoimiliki, na aiandike nywila yake katika daftari linalobaki nyumbani. Dirisha la rufaa hufunguliwa baada ya orodha za waliopangiwa kutoka, na rufaa yenye kielelezo kipya ina nguvu kuliko barua ndefu ya kusikitika.

## Bumu na kodi ya chumba

Fedha ya chakula na malazi, ambayo vyuoni kote huitwa bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/23, na kwa kawaida hutolewa kwa mkupuo wa siku 60, yaani shilingi 600,000, baada ya mwanafunzi kusaini. Kiasi hicho kinaonekana kikubwa siku kinapoingia. Mwanafunzi aliyepanga nje ya chuo chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi, ambaye mwenye nyumba wake anataka kodi ya miezi sita kwa pamoja kama ilivyo desturi ya miji mingi, anatoa shilingi 360,000 siku hiyo hiyo na kubakiwa na 240,000, yaani shilingi 4,000 kwa siku kwa siku 60 za chakula, nauli, bando na sabuni. Bumu la pili likichelewa wiki mbili, na huchelewa, hiyo elfu nne inakuwa elfu tatu na mia kidogo.

Kutokana na hesabu hiyo, utaratibu ufuatao umewafaa wengi:

- Kodi ya miezi sita ya kwanza itolewe na familia kabla ya safari, ili bumu la kwanza libaki la chakula.
- Mwanafunzi apange chumba na wenzake wawili au watatu wanaojuana, na mkataba uandikwe majina yote, kwa sababu mmoja akiacha chuo deni lake huwaangukia waliobaki.
- Bumu likiingia, sehemu ya wiki mbili za mwisho ihamishiwe kwenye akaunti isiyo na kadi, au kwa mama.
- Kubeti kusiingizwe kabisa katika hesabu ya mapato. Vibanda vya kubeti vinavyozunguka vyuo havikuwekwa hapo kwa bahati.

## Deni baada ya kuhitimu, kwa tarakimu

Vijana wengine huogopa mkopo wa serikali kuliko inavyostahili, na wengine huuchukulia kama zawadi. Wote wawili hawajapiga hesabu. Chukua mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu aliyepewa mkopo wote: ada shilingi 1,300,000, chakula na malazi 2,400,000 kwa siku 240, vitabu na viandikwa 200,000. Hiyo ni 3,900,000 kwa mwaka na 11,700,000 kwa miaka mitatu, na fedha ya fildi ikiongezwa deni linasogea milioni 12.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya marejesho kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mhitimu aliyepata kazi katika kampuni kwa mshahara wa shilingi 700,000 atakatwa 70,000 za mfuko wa hifadhi ya jamii, takriban 42,000 za kodi ya mapato, na 105,000 za Bodi ya Mikopo, abakiwe na kama 483,000 kabla ya bima ya afya na makato mengine. Kwa 105,000 kila mwezi, milioni 12 huisha katika miezi 115, ambayo inazidi miaka tisa na nusu. Ni muda mrefu, lakini tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza Mei Mosi ya mwaka 2021 kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, deni hilo haliongezeki kwa kukaa. Hakuna mkopo mwingine ambao kijana wa Kitanzania asiye na dhamana anaweza kuupata kwa masharti hayo, na anayekataa mkopo wa Bodi kwa kuuogopa, halafu akakopa mtaani kulipa ada, amekimbilia kubaya zaidi.

Mikopo ya mtaani na ya programu za simu, ile inayojulikana kama kausha damu, hutoza riba kwa wiki au kwa mwezi, na asilimia 20 kwa mwezi inayotajwa kwa sauti ndogo inafanya shilingi 300,000 zidai riba ya 60,000 kila mwezi kabla ya shilingi moja ya mkopo wenyewe kurudi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Anayelazimika kukopa ili afanye mtihani na aende kwanza kwa mlezi wa wanafunzi wa chuo kuomba kulipa ada kwa awamu, kisha kwenye kikoba au SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya mzazi, ambako riba inajulikana na anayedai anaonekana.

Mwajiri anatakiwa kuiarifu Bodi ndani ya siku 28 kwamba amemwajiri mnufaika, kwa hiyo kujificha hakusaidii, na aliyejiajiri naye anatakiwa kulipa mwenyewe. Aliyeanza kwa kiasi kidogo na kutunza risiti yuko mahali pazuri kuliko aliyesubiri aitwe.

## Njia fupi, na kwa nini inadharauliwa isivyo haki

Hapa ndipo ubishi wa nyumbani huwa mkali. Mzazi aliyejinyima ili mtoto afike kidato cha sita huona aibu mtoto huyo akipelekwa VETA, yaani vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na jirani husaidia kuikoleza aibu hiyo. Fedha inazungumza lugha nyingine. Kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, kiasi ambacho mchango wa usajili peke yake katika baadhi ya vyuo binafsi hukizidi. Fundi umeme wa majumbani, fundi wa majokofu na viyoyozi, na mchomeleaji anayesoma michoro huanza kupata vibarua kabla hajamaliza, na hali ngumu ya uchumi huwafanya watu walete vifaa vitengenezwe badala ya kununua vipya.

Zipo njia tatu zinazofaa kupimwa na familia ambayo hesabu yake ya mwaka wa mwisho haikutimia:

- Ufundi stadi kwanza, kazi mwaka mmoja au miwili, kisha kuendelea na masomo kwa fedha yake mwenyewe.
- Astashahada na stashahada baada ya kidato cha nne, chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Aliyemaliza stashahada kwa wastani wa alama unaotakiwa, ambao kwa kawaida ni 3.0, hudahiliwa shahada kama aliyetoka kidato cha sita, akiwa tayari na cheti cha kumpatia kazi endapo ada itakatika.
- Kurasimisha ujuzi, ambapo aliyejifunza kazi kwenye gereji au kwa fundi wa mtaani hupimwa na kupewa cheti bila kuanza darasani upya.

Njia ya pili ina faida ambayo haijasemwa vya kutosha. Anayekwenda moja kwa moja shahada hana kitu mkononi mpaka siku ya mwisho, ilhali anayepanda ngazi kwa ngazi ana cheti kinachotambulika karibu kila mwaka, na mdororo ukimkuta katikati anasimama kwenye ngazi aliyofika. Kasoro yake ni miaka. Inaongeza mwaka mmoja au zaidi kabla ya shahada, na mwenye mkopo kamili wa kozi ambayo Bodi ya Mikopo huipa kipaumbele hana sababu ya kuizunguka.

## "Lakini kozi hii ina uhakika wa ajira"

Hakuna kauli iliyowaponza vijana wengi kama hiyo. Kwa muda mrefu mhitimu wa ualimu alipangiwa kituo cha kazi na serikali bila usaili, na familia zikauchagua ualimu kwa ajili hiyo. Leo mwalimu mwenye shahada huingia kwenye usaili na maelfu ya wenzake, wakiwemo waliohitimu miaka mingi nyuma. Kozi yoyote ambayo uhakika wake unategemea mwajiri mmoja ina udhaifu huo huo, kwa sababu mwajiri mmoja akifunga mlango hakuna wa pili wa kubisha.

Badala ya kuuliza kozi ipi ina ajira, muulizaji atafute waajiri watano wa aina tofauti ambao wangeweza kumlipa mtu mwenye cheti hicho, na awataje kwa majina. Akishindwa kufika watano, aangalie kozi ya jirani yake: hisabati na fizikia badala ya somo moja la sanaa kwa mwalimu, maabara badala ya biolojia ya jumla, takwimu ikiongezwa kwenye uchumi.

## Fedha zikiisha katikati: kuahirisha, si kutoroka

Kila mwaka wapo wanaoondoka chuoni kimya kimya kwa aibu ya ada, wakidhani watarudi mambo yakitengemaa. Kanuni za vyuo humchukulia asiyeonekana kwenye mitihani bila taarifa kama aliyejiondoa, naye anaweza kupoteza nafasi yake na mkopo wake kwa pamoja. Mwenye tatizo la fedha, ugonjwa au uzazi ana haki ya kuomba kuahirisha masomo, yaani kusimama kwa ruhusa ya maandishi na kurudi mahali alipoachia.

- Barua iandikwe kabla ya mitihani, ikiambatana na ushahidi.
- Nakala ya kibali ipelekwe kwa ofisa wa mikopo wa chuo, ili fedha zisitoke kwa mtu asiyekuwepo na baadaye kudaiwa.
- Tarehe ya kurudi iwe ya kweli, kwa sababu muda wa juu wa kumaliza kozi una ukomo.
- Mwanafunzi asiahirishe kwa kuogopa somo gumu, kwa kuwa Bodi kwa kawaida haigharamii mwaka unaorudiwa, na disko, yaani kuondolewa kwa kufeli, haliepukwi kwa kuchelewa.

## Kazi hutafutwa kuanzia mwaka wa kwanza

Pingamizi linalotolewa mara kwa mara ni kwamba bila konekisheni, yaani kujuana na wakubwa, jitihada zote ni bure. Upo ukweli ndani yake, na kuukana ni kumdanganya kijana. Hata hivyo sehemu kubwa ya kujuana haianzii kwa mjomba wa wizarani, bali kwa msimamizi wa fildi aliyeona mtu anafika saa moja na nusu asubuhi, anajua kutengeneza jedwali la hesabu, na anapiga simu akichelewa. Kwa sababu hiyo mahali pa fildi pasichaguliwe kwa kuangalia ukaribu na nyumbani. Ofisi ndogo yenye watu wanane, ambamo mwanafunzi atashika kazi halisi, mara nyingi inamfaa kuliko shirika kubwa atakakokaa wiki nane akipeleka mafaili, na akiondoka aombe barua yenye jina la msimamizi na kazi alizofanya.

Baada ya kuhitimu, serikali huendesha programu ya mafunzo ya uzoefu kazini kupitia ofisi inayoshughulikia kazi na ajira, ambayo pia husajili watafuta kazi. Posho ni ndogo, pengine haitoshi kodi ya chumba, na anayeikubali apange mapema ni miezi mingapi anaweza kuibeba. Kwa anayetaka kujiajiri, mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo vijana wametengewa asilimia 4, haina riba, lakini hutolewa kwa vikundi, na kikundi kilichoundwa wiki moja kabla ya fomu huvunjika mwezi mmoja baada ya fedha.

Swali la shahada ya uzamili huja hapa: je, si afadhali kuendelea kusoma mpaka ajira zirudi? Kwa aliyepata ufadhili, au ambaye fani yake haiajiri bila ngazi hiyo, ndiyo. Kwa mwingine ni ada nyingine, miaka miwili mingine bila uzoefu, na mwajiri anayemwona ghali kwa nafasi ya kuanzia.

## Maombi ya kazi serikalini: karatasi kabla ya tangazo

Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hupokea maombi kwa mfumo wa mtandaoni unaoitwa Ajira Portal, na matangazo yake hurudia masharti yale yale kila mara, ilhali watu wale wale huenguliwa kwa sababu zile zile. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi badala ya vyeti. Barua ya kuthibitisha kuhitimu si cheti. Vyeti vya nje ya nchi sharti viwe vimehakikiwa na mamlaka husika. Na mwenye majina yanayotofautiana awe na hati iliyosajiliwa ya kubadili jina. Tangazo likitoka huwa zimebaki siku kama kumi na nne, ambazo hazitoshi kuanza kudai cheti chuoni kwa mtu aliyeacha deni la maktaba.

Mhitimu ambaye bado hana kazi atumie miezi mitatu ya kwanza kukamilisha haya:

- Cheti halisi na matokeo ya masomo yote, vikichukuliwa chuoni kwa mkono, na nakala zilizothibitishwa na wakili.
- Namba ya kitambulisho cha taifa yenye majina yanayolingana na vyeti.
- Wadhamini watatu walioombwa na kukubali, ambao namba zao zinapatikana.
- Namba moja ya simu isiyobadilishwa, kwa sababu waliofaulu usaili lakini wakakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata kwa muda maalumu na wanaweza kupangiwa kazi bila usaili mwingine nafasi inapotokea, na katika miezi hiyo wapo wanaopoteza laini.

Hakuna malipo yoyote ya kuomba kazi zaidi ya gharama za nakala na wakili. Anayepiga simu akidai fedha ya fomu, ya sare, ya kipimo cha afya au ya kumwona mkubwa ni tapeli, hata akitaja jina kamili la mwombaji na namba yake ya usaili, ambayo huenda ameiona kwenye orodha iliyotangazwa hadharani.